Jiko la Pili

Mwaka ule serikali ilipowateremsha watu kutoka vitongojini na kuwapanga kando ya barabara ya Milola, nyumba kwa nyumba, Mboni na mama mkwe wake walipewa kiwanja cha mwisho, karibu na bonde. Wengine waliwaonea huruma kwa sababu ya mbu. Bi Esha, mama mkwe, alisema mbu ni jirani kama majirani wengine, tena huyu haji kuazima chumvi.

Walikuwa wawili tu. Likwata, mume wa Mboni, alikwenda Tanga kukata mkonge siku nyingi zilizopita, alipokuwa ndiyo kwanza amemtoa Mboni kwao Kilwa Kivinje, udongo wa nyumba yao ukiwa bado mbichi. Mwanzoni alituma salamu kwa watu waliokuwa wakirudi: mara yupo Muheza, mara amehamia shamba jingine. Baadaye watu wakarudi bila salamu. Mwisho hata waliorudi wakawa hawaulizwi. Lakini Bi Esha hakumtaja mwanawe kama mtu aliyepita. Akichambua bamia angesema, "Hizi zimekomaa, Likwata hazipendi hizi," kama vile Likwata yuko nyuma ya nyumba anachonga mpini.

Mboni alimzoea hivyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa hajajua hata kusuka ukili. Mume alimpata kidogo, tena kwa haraka. Mama alimpata kwelikweli. Bi Esha ndiye aliyemfundisha kutwanga mtama usimwagike, ndiye aliyemkanda mgongo alipougua. Watu wa Kivinje walipompelekea ujumbe arudi kwao, maana mwanamke hakai kwa mume asiyekuwapo, aliwajibu kwamba hakai kwa mume, anakaa kwa mama.

Basi kikaanzishwa kile kilimo cha pamoja bondeni. Mwenyekiti Nassibu aliwakusanya watu akawaeleza utaratibu: anayetaka kujiunga alete tenga la samadi, alete mbegu alizonazo, na alete mtu wa kulima. Bwana shamba aliahidi mbolea ya kiwandani, haikufika, na watu wakaridhika na mavi ya mbuzi. Mboga zikiiva zinakatwa pamoja, zinapangwa mafungu juu ya majani ya mgomba, kila mtu anabeba lake.

"Kwa hesabu ya vichwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Vichwa hapana," Nassibu akasema. "Kwenye mihogo tulihesabu vichwa, mkaniletea wajukuu wa kuazima kutoka Rutamba. Safari hii ni jiko. Jiko linalofuka moshi lina fungu lake. Romana atapita kuyaona."

Watu wakacheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua aliyeazima wajukuu.

Romana alikuwa mwanamke mrefu, Mkatoliki aliyeletwa kwa lori pamoja na watu wa upande wa Nyangao. Ndiye aliyekuwa mgawaji wa mafungu, na ulimi wake ulikuwa haupumziki. Siku ya kwanza alipomwona Mboni kwenye matuta aliita bonde zima:

"Njooni mwone mtu wa pwani! Jembe kalishika kama anafagia uani! Mwenzetu, ardhi haifagiwi, inapigwa!"

"Niache, Romana. Kwetu tunalima baharini."

"Basi leo umetia nanga. Piga!"

Mboni akapiga. Alipiga mpaka viganja vikachubuka, kisha vikaota sugu, na mchicha ukatoka, na kunde, na bamia, na matango yaliyotambaa mpaka kwenye njia. Ijumaa ya kwanza ya mafungu alirudi na lake kichwani akiimba. Bi Esha alilipokea kwa mikono miwili, akanusa mchicha, akasema, "Hii ni ya samadi, inanukia udongo. Likwata akirudi atanenepa."

Lakini mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mvua ilikatika mapema, mtama wa juu ukakauka ukiwa na mashuke matupu, na dukani ulikuwapo ule unga wa njano tu, nao kwa foleni. Fungu la jiko moja likawa ndilo chakula, si kitoweo tena.

Mboni alikuwa mtu wa kutazama. Hakuwa na maneno mengi, ila macho yake hayakupitwa. Akaona kwamba mama mkwe wake anakata tonge, analifinyanga, anaanza hadithi, hadithi inapofika patamu lile tonge linarudi sahanini kimyakimya. Akaona kwamba Bi Esha akitoka kisimani siku hizi anakaa njiani, anajifanya anatoa mwiba. Akaona kanga inayomzunguka kiunoni inazidi kubaki ncha, kwa jinsi anavyokonda.

"Mama, kula."

"Nimeshiba, mwanangu. Uzee una tumbo dogo."

"Jana ulisema ni jino."

"Na jino pia. Kwani uzee una kitu kimoja?"

Kumwambia mama mkwe wako kwamba unajua analala na njaa ili wewe ule ni kumvua nguo mbele za watu. Lile jambo likamkaa Mboni kifuani. Kesho yake akamweleza Romana wakiwa wanapalilia.

Romana alisimamisha jembe. "Nyinyi ni wanawake wawili wazima. Mnalima wawili. Kwa nini mna jiko moja?"

"Ndivyo tulivyo."

"Ndivyo mlivyo na njaa. Weka mafiga yako. Mimi nitapita, nitaona moshi, nitakupangia fungu lako. Mkitaka kumimina chungu kimoja mkishafunga mlango, hilo si langu."

Mboni aliona ni jambo jepesi. Kwao Kivinje ua mmoja huwa na majiko matatu, manne, na wenyewe wanagombana na kucheka na kuombana kaa la moto. Jiko ni mahali pa kupikia tu. Akangoja siku Bi Esha alipokwenda Rutamba kumuuguza dada yake. Akateremka mtoni, akachagua mawe matatu yaliyolingana, akayabeba moja moja. Akayapanga upande wa pili wa ua, akayasiliba udongo chini, akawasha moto. Moshi wa pili ukapanda.

Romana akaja, akatazama, akasema, "Limekubalika," akaenda zake.

Mwenyekiti Nassibu naye alipita jioni hiyo kuuliza habari ya majembe. Alipofika uani aliyaona mafiga. Akavua kofia yake, akasimama nayo mkononi, akamtazama Mboni kwa huruma kubwa, kisha akaondoka bila kuuliza habari ya majembe. Mboni alifikiri amesahau kilichomleta. Kesho yake mke wa jirani alimletea maji bila kuombwa, akayaweka mlangoni, akainama, akaenda. Mboni akafikiri: watu wa hapa nao wameanza kunipenda.

Romana hakujua, kwa kuwa alikuwa mgeni. Waliojua walidhani Mboni anajua kuliko wao.

Ijumaa mafungu yakapangwa, na safari hii Romana aliita, "Jiko la Bi Esha! Jiko la Mboni!" Mboni akayabeba yote mawili, shingo ikilemewa na moyo ukiwa mwepesi. Siku hiyo ndiyo Bi Esha alikuwa anarudi. Mboni akapika kunde kwenye jiko la zamani, na bamia kwenye jipya, akatandika mkeka. Alikuwa ameshapanga maneno ya kusema: mama, leo huna jino, huna tumbo dogo, leo tunakula.

Alasiri akamwona anakuja na furushi lake kichwani. Akamkimbilia.

"Shikamoo, mama! Dada hajambo?"

Bi Esha hakuitika. Macho yake yalimpita Mboni begani, yakaenda kwenye moshi mmoja, yakaenda kwenye moshi wa pili, yakabaki huko.

"Nani amekuletea habari?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Habari gani, mama?"

"Usinifiche, mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Amefia wapi?"

Kwa watu wa Bi Esha, mke hula jiko moja na mama mkwe mpaka mume mwenyewe, kwa mikono yake, amwekee mafiga yake. Mume akiwa safarini hakuna anayethubutu. Mke akijiwekea mafiga peke yake katika ua ule, ni kwamba mume amezikwa na arobaini imekwisha. Ndivyo anavyowaambia watu bila kufungua mdomo. Hivyo ndivyo Bi Esha mwenyewe alivyofanya alipofiwa na baba yake Likwata. Hayo hakuwahi kumfundisha Mboni. Angemfundishaje, wakati mumewe anarudi?

Furushi lilianguka. Bi Esha alikaa chini palepale njiani, akanyoosha miguu, akajifunika kanga kichwani, na ikamtoka sauti ambayo Mboni hakuwahi kuisikia kwa mtu aliye hai. Alimlilia mwanawe kwa jina lake la utotoni. Alimlilia kwa mambo madogo: kovu lake la gotini, namna alivyokuwa akipiga mluzi akitoka kisimani. Majirani wakafika upesi, wakiwa na majamvi tayari, maana walikuwa wakimngoja mama arudi aambiwe na mkaza mwana wake mwenyewe. Nassibu alikuwa mbele. Wanawake wakaketi wakamzunguka, vilio vikapokezana.

Mboni alizunguka katikati yao kama kuku aliyekatwa kichwa. "Hajafa!" akapiga kelele. "Sikuletewa habari yoyote! Mama, ni fungu! Nilitaka fungu la pili, jamani, fungu la mboga!"

Vilio vikakatika kimoja kimoja.

"Fungu?" Nassibu akauliza.

"La mboga. Mama alikuwa hali. Anasema ameshiba, kumbe hali. Nikaona tukiwa na majiko mawili..." Hata siri ya njaa ya mama mkwe wake alikuwa ameianika hadharani.

Romana, aliyekuwa amekuja mbio na jembe lake, alisema, "Ni mimi niliyemwambia. Mama, ni mimi." Hakuna aliyemtazama.

Bi Esha aliifunua kanga usoni. Macho yalikuwa mekundu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinachoinuka.

"Kwa hiyo mwanangu yu hai?"

"Ndiyo" moja tu ingetosha. Kila mtu pale aliingoja, na Mboni mwenyewe aliitafuta mdomoni. Lakini hakuwahi kumwambia yule mama uongo.

"Sijui, mama."

Bi Esha alimtazama usoni. Alichokiona humo hakikuwa cha siku ile. Aliona kwamba huyu binti alikuwa ameacha kungoja kitambo. Kwamba yeye aliposema Likwata akirudi atanenepa, mwenzake aliitikia "Ndiyo, mama" kama mtu anavyomwitikia mtoto. Kwamba aliweza kuyabeba yale mawe kutoka mtoni bila moyo kumshtuka, kwa sababu moyoni mwake hapakuwa tena na mtu wa kungojewa.

"Nilidhani tunangoja wawili," akasema. "Kumbe nilikuwa nangoja peke yangu."

Mboni aliuendea moto akaumwagia maji, akashika figa kwa mikono mitupu, likamuunguza, akalikumbatia hivyo hivyo alitoe. Bi Esha alimwita taratibu.

"Acha, binti. Utajiunguza bure. Nimeshamlilia. Nitamrudishaje ndani ya kifua baada ya kumlilia?"

Watu wakakunja majamvi. Kunde ziliungua, na bamia zikapoa juu ya mafiga yaliyolowa maji. Hakuna aliyekula.

Hapakuwa na ugomvi. Ungekuwa ugomvi ungekwisha. Shehe alisema hakuna maiti, hakuna habari, hakuna eda, na Bi Esha akasema shehe amesema kweli. Alimjibu Mboni akisemeshwa. Alimpaka majani kwenye viganja vilivyoungua, akavifunga vizuri. Lakini jina la Likwata hakulitaja tena, na bila jina hilo nyumba ile ilikuwa haina cha kuzungumzwa. Siku moja alikwenda mwenyewe kwa Nassibu, akamwomba ampatie Mboni kiwanja safu ya juu.

"Amekukosea?" Nassibu akauliza.

"Hajanikosea. Alitaka nile. Ila kila nikimtazama namwona mjane wa mwanangu, na mimi sitaki kuwa na mjane nyumbani."

Alimpa chungu kizuri, mkeka, na mbegu za kunde. Mboni alipiga magoti akamwomba, akasema atalala uani, atalala popote. Bi Esha alimwinua, akampangusa vumbi magotini kama mama yeyote, akamfungulia mlango.

Vuli ilinyesha vizuri, na bonde likazaa. Bi Esha, aliyekuwa sasa na fungu zima la peke yake, alinawiri. Mashavu yakajaa, akawa anatoka kisimani bila kukaa njiani. Mboni aliyaona hayo kwa mbali, kutoka kwenye tuta lake, na akashukuru, na akainamisha uso.

Ijumaa mafungu yalipopangwa walisimama mstari mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Romana akaita majiko. Bi Esha akajaza kikapu chake, mchicha juu, matango chini, akakisogeza mpaka penye nafasi, akatazama huku na huku apate mtu wa kumtwisha. Mboni ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa ameshainama, mikono imeshanyooka.

"Romana," Bi Esha akaita, "njoo unitwishe, mwanangu."

Romana alimtazama Mboni. Akaja, akakishika kikapu, akamtwisha. Bi Esha akakiweka sawa kichwani, akaondoka na njia ya bondeni, shingo imenyooka, mwendo wa mtu aliyeshiba.