Swali la Tatu la Mama Miwani

Ugonjwa wa kuhara ulipoingia mtaani, leseni ya mfamasia wa duka la dawa la kona ilikuwa ingali inanukia wino. Ilitundikwa nyuma ya kaunta, katika fremu ambayo babu yake aliinunua na kuipigilia ukutani kwa mkono wake. Alipomaliza alirudi nyuma, akaitazama kwa jicho moja, akasema imekaa upande, akaing'oa na kuipigilia upya.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye rafu zilizopanda hadi darini, friji dogo lililonguruma kama paka aliyeshiba, na kidirisha cha kioo ambacho wateja walipenda kukigonga kwa sarafu. Mwenye duka alikuwa amelazwa katika mji mwingine, na haikujulikana angerudi lini. Hivyo binti yule, ambaye juzijuzi tu alikuwa akikesha na vitabu vya mitihani, alijikuta yeye ndiye mfamasia, yeye ndiye mpokea mzigo na yeye ndiye mpiga deki. Wateja walimwita Dokta Mdogo. Wapo waliomwita hivyo kwa heshima, na wapo waliokuwa wakimpima tu.

Babu yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima uliendelea kumwita Mkuu kana kwamba kengele ya shule ingali mkononi mwake. Siku foleni ya dukani ilipofurika hadi barabarani, alifika amevaa shati lililofungwa vifungo hadi kooni, akautazama ule msongamano, akatikisa kichwa. Haukupita muda, watu wakawa wamesimama mstari ulionyooka, kila mmoja akiwa ameachana na mwenzake kwa urefu wa mkono.

"Wewe mwenye kofia, rudi ulikotoka."

"Mkuu, mimi nilikuwa hapahapa. Nilitoka kidogo tu kununua vocha."

"Hata siku ya mtihani wa hesabu ulitoka kidogo tu. Mpaka leo nakusubiri. Rudi nyuma."

Foleni nzima ikacheka, na mwenye kofia akarudi nyuma akicheka naye.

Jambo moja tu lilimkera mjukuu. Babu hakumruhusu mtu kukifikia kidirisha kabla hajamhoji: anatoka nyumba ipi, mgonjwa ni nani wake, ana umri gani, ameanza kuugua lini. Ungedhani anaandikisha watoto wa darasa la kwanza, ila yeye hakuandika chochote. Yote aliyaweka kichwani.

"Babu, hawa watu wana wagonjwa nyumbani. Usiwachoshe kwa maswali."

"Mtu nisiyemjua simpangi mstari," Babu alijibu, akageukia aliyefuata.

Alikuwapo mtu mwingine wa maswali, ila huyo alikuja kwa simu. Chama cha wafamasia kilikuwa kimeamua kwamba, kwa muda wote wa janga, kila mfamasia mpya akabidhiwe kwa mkongwe mmoja wa kumshika mkono. Dokta Mdogo aliangukia kwa Mama Miwani, mwenye duka upande wa pili wa mji. Alipewa jina hilo kwa kuwa alikuwa na jozi mbili za miwani, moja puani na nyingine utosini, na mara nyingi utamkuta akitafuta ya tatu.

Kila adhuhuri simu yake iliita, na kila adhuhuri aliuliza maswali yaleyale matatu. Umekula nini? Umeishiwa nini? Leo nini kimekutia shaka?

La kwanza, binti alilijibu kwa uongo mdogo. La pili alilijibu kwa ukweli, na kabla jua halijatua maboksi ya glavu au vidonge vya kutibu maji yalikuwa yameshafika kwa pikipiki. La tatu alilikwepa kila siku kwa neno moja: "Hakuna, Mama." Alikuwa amelelewa katika nyumba ambamo mtoto akiuliza jambo lililokwisha kuelezwa, kwanza huulizwa masikio yake yalikuwa wapi. Kusema una shaka, kwake, kulikuwa sawa na kuishusha ile leseni ukutani kwa mikono yako mwenyewe.

Isitoshe, mambo yalikuwa yakimwendea vizuri. Dawa iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa vile vipakiti vya unga wa chumvi na sukari, unaoyeyushwa katika maji safi ili mgonjwa arudishiwe maji aliyopoteza. Kipakiti kimoja kilitaka nusu lita ya maji, wala si zaidi wala pungufu. Lakini nani nyumbani ana kipimo cha nusu lita? Hapo Dokta Mdogo akapata wazo. Alikusanya chupa tupu za maji za nusu lita, Babu akaziosha nyuma ya duka kwa maji yenye dawa, na kila aliyechukua kipakiti alipewa na chupa yake. "Jaza hadi shingoni, mimina unga wote, tikisa." Hata asiyejua kusoma asingekosea. Mama Miwani alipolisikia wazo hilo alilisambaza kwa wafamasia wapya wote, na siku ile binti alitembea kwa madaha hadi nyumbani.

Kisha vipakiti vikaisha, na asubuhi moja ukaletwa mzigo mpya wa msaada. Foleni ilikuwa imeshajaa. Dokta Mdogo alifungua boksi, akakagua jina la dawa, akakagua tarehe ya kuisha muda, akatazama kama vipakiti vimetoboka au vimepata unyevu. Rangi ilikuwa ileile, na mchoro wa bilauri na kijiko ulikuwa uleule. Akaanza kugawa, kipakiti na chupa, kipakiti na chupa.

Mtu wa mwisho kabla ya mapumziko alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo ya cheche. Mwanawe wa kike, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili, alikuwa ameanza kuhara alfajiri.

"Dokta, huyu ndiye pekee niliye naye," alisema fundi, akaipokea chupa kwa mikono miwili kana kwamba ni ya kioo. "Hadi shingoni, si ndiyo?"

"Hadi shingoni, kaka. Mpe kidogokidogo, kwa kijiko."

Alipoondoka, binti alishusha pazia la kidirisha ili apumue. Akachukua kipakiti kimoja, akakipima kiganjani bila kukusudia, akahisi kizito. Akakigeuza. Chini ya mchoro wa bilauri, kwa herufi ndogo, paliandikwa: yeyusha katika lita moja.

Tangu asubuhi alikuwa akiwapa watu unga wa lita moja wauyeyushe katika nusu lita. Maji ya namna hiyo huwa na chumvi maradufu, na chumvi iliyozidi mwilini mwa mtoto aliyekwisha kukaukiwa inaweza kumtia degedege, ikamuua. Na ile chupa yake, aliyojivunia kwamba haimruhusu mtu kukosea, ndiyo iliyomhakikishia kila mtu kosa.

Hapo simu ikaita.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Sijala."

Jibu hilo lilikuwa jipya kwa Mama Miwani. "Umeishiwa nini?"

"Sijaishiwa kitu."

"Leo nini kimekutia shaka?"

Neno "hakuna" lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Binti aliitazama ile fremu ukutani. Nje, Babu alikuwa akimwambia mtu asimame wima. Akafikiria ile mikono yenye makovu ilivyoikumbatia chupa.

"Mama, nimekosea," alisema, na maneno yakamtoka kwa mfululizo: mzigo mpya, kipakiti, chupa, wale watu wote, mtoto wa fundi. Alipomaliza, akangoja aulizwe macho yake yalikuwa wapi.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema Mama Miwani. "Sasa nisikilize. Usitoe kipakiti kingine mpaka nifike. Nakuja kukaa kwenye kaunta yako, wewe uende kwa yule mtoto. Wengine waliochukua asubuhi, unawajua?"

"Siwajui, Mama. Walikuwa wengi."

"Hakuna awajuaye?"

Binti akageuza shingo taratibu, akatazama mlangoni.

"Babu," aliita. Akamweleza. Alijiandaa kwa lolote. Mkuu alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliovunja vioo vya madirisha. Kisha akafumba macho.

"Wa kwanza alikuwa mshona viatu, mgonjwa ni mama mkwe wake, nyumba yenye geti la kijani. Akafuata yule mjane mwenye wajukuu pacha. Kisha dereva wa lori, anajiuguza mwenyewe, amepanga chumba nyuma ya kinyozi." Akaendelea hivyo, mtu baada ya mtu, hadi akamfikia fundi. Kisha akafumbua macho. "Kwa fundi utakwenda wewe, nyumba ya tatu baada ya karakana yake. Hawa wengine niachie mimi."

"Babu, jua ni kali."

"Nimewahi kuwafuata watoro majumbani mwao kwenye jua kali kuliko hili, na wao walikuwa wakikimbia," alisema. Akamwita yule mwenye kofia kutoka kwenye foleni. "Wewe unayependa kutoka kidogo, leo utatoka sana. Twende."

Muda si muda Mama Miwani alishuka kwenye pikipiki akiwa bado amevaa helmeti, jozi moja ya miwani ikiwa imebanwa ndani yake. Hakupoteza muda kwa salamu. Alichukua kalamu nene, akaanza kuandika "LITA MOJA" juu ya kila kipakiti, akampungia binti mkono aende.

Dokta Mdogo alikimbia na koti lake jeupe. Alipofika, mke wa fundi alikuwa amempakata mtoto kitandani, chupa pembeni, kijiko mkononi. Sehemu ya maji ilikuwa imeshanywewa. Mtoto alikuwa akilia kwa kiu, midomo imekauka, akiufuata ule mkono wenye kijiko.

"Acheni hayo," alisema, akihema. "Niliwapa maelezo yasiyo sahihi. Kosa ni langu, si lenu. Maji haya yana chumvi nyingi mno. Twende naye kituo cha afya sasa hivi."

Fundi alimbeba mwanawe, wakatoka mbiombio. Kituoni, muuguzi aliuliza amekunywa kiasi gani na tangu saa ngapi, na Dokta Mdogo alijibu yote bila kupunguza, kwa sauti ambayo kila aliyekuwa kwenye benchi aliisikia. Mtoto akapimwa, akaanza kupewa maji yaliyochanganywa sawasawa, kijiko kwa kijiko. Binti alikaa sakafuni karibu na kitanda. Jua lilipoanza kulegea, mtoto aliacha kulia, akakojoa, akalowanisha shati la baba yake.

Muuguzi akatabasamu. "Hiyo ndiyo habari njema tuliyokuwa tukiingoja."

Fundi alilitazama shati lake, kisha akamtazama binti. "Ungeweza kukaa kimya," alisema. "Nisingejua kamwe."

Machozi, aliyokuwa ameyabana tangu mchana, yakamtoka binti.

Aliporudi dukani alimkuta Babu ameketi kwenye kreti, viatu vyake, ambavyo hakuna aliyewahi kuviona na vumbi, vikiwa vyekundu hadi kwenye kamba. Watu wote wa asubuhi walikuwa wamefikiwa. Wengi walikuwa hawajaanza kunywa, na waliokwisha kunywa walikuwa watu wazima, nao walipelekwa kuangaliwa. Mshona viatu alikuwa amegoma kumwaga chupa yake, akasema dawa haitupwi, mpaka Mkuu alipomkumbusha adhabu aliyompa alipokuwa darasa la nne.

"Babu, nisamehe. Nimekuaibisha."

Mzee alivua kiatu, akakung'uta vumbi, akakivaa tena. "Nimefundisha maisha yangu yote," alisema mwishowe. "Waliokosea mbele yangu siwezi kuwahesabu. Waliokuja wenyewe kuniambia, hao hawazidi vidole vya mkono mmoja. Leo nimepata mwingine, na ni wa damu yangu." Akainuka. "Ile fremu imekaa upande tena. Niletee nyundo."

Haikuwa imekaa upande hata kidogo, lakini binti alimletea nyundo.

Siku zilizofuata ziliendelea kuwa ngumu. Hata hivyo, kila mzigo mpya ulipofika, wafamasia wapya wa mji mzima walisomeana kwa simu maandishi yote ya kipakiti, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, mmoja akisoma na mwenzake akirudia. Fundi naye alifika siku moja na mkokoteni uliobeba vyuma. Bila kuuliza bei wala ruhusa, alichomelea kizuizi kirefu cha kupangia foleni, kuanzia mlangoni hadi kwenye nguzo ya taa. Mwanawe alikuwa mgongoni mwa mama yake, akitafuna kamba ya kofia.

Mkuu alikizunguka kile kizuizi, akakitikisa. "Kimesimama imara," alikiri. "Lakini kinajua kuhoji?"

"Hiyo kazi tumekuachia wewe, Mkuu," alisema fundi.

Adhuhuri simu iliita. Dokta Mdogo alisema amekula ugali na maharage, na safari hii ilikuwa kweli. Alisema glavu zinaelekea kuisha. Kuhusu shaka, alieleza juu ya bibi mmoja anayemeza dawa ya moyo, ambaye yeye binti hakuwa na hakika amshauri nini, na wakalijadili hadi likawa wazi. Mama Miwani akataka kuaga.

"Ngoja kwanza, Mama," alisema binti. "Ahsante. Sijawahi kukwambia. Na wewe, leo nini kimekutia shaka?"

Upande wa pili ikasikika droo ikifungwa, kisha pumzi ndefu ya mtu ambaye kwa miaka mingi hakuwa ameulizwa swali hilo.

"Subiri, mwanangu," alisema Mama Miwani. "Ngoja nivute kiti."