Sauti ya Mzee wa Dirishani

Kwao walimwita Daktari, na jina hilo lilimchoma. Shangazi zake walimletea miguu iliyovimba, naye kila mara akawaeleza kwamba udaktari wake ni wa vitabu: miaka sita alikaa wodini akiwasikiliza wagonjwa wakisimulia maradhi yao, akayaandikia tasnifu.

"Kwa hiyo unawasikiliza tu?" kaka yake alimuuliza asubuhi ile, akimpigia pasi koti la usaili. "Halafu wanapona?"

"Wengine."

"Hata mwenye duka la dawa hutoa kidonge, dada."

"Mwache mdogo wako!" mama aliita kutoka jikoni. "Nenda mwanangu. Leo ni leo."

Usaili wa kumi na moja huo. Idara za fasihi zilimwambia yeye mtu wa hospitali. Vyuo vya utabibu vikamwambia yeye mtu wa fasihi. Akawa popo, ndege wamkataa, wanyama wamkataa. Sasa chuo kimoja cha utabibu kilitaka mhadhiri wa kuwafundisha madaktari wanafunzi kumsikiliza mgonjwa, lakini awe amehitimu ndani ya miaka mitano iliyopita. Mitano yake ilikuwa inaisha mwezi ujao. Akiikosa nafasi hii, basi tena.

Chumbani walikuwa watatu: profesa wa fasihi aliyeazimwa kwa siku hiyo, mama wa utumishi na fomu zake za alama, na mwenyekiti, daktari bingwa mwenye mvi.

"Karibu, binti. Tufundishe, sisi ndio wanafunzi wako leo."

Binti aliwawekea sauti aliyoirekodi wodini ya mzee mmoja, marehemu sasa, aliyeruhusu isikike darasani mradi majina yote yafutwe. Naye aliyafuta yote, hata la mfagiaji, na orodha ya majina akaichoma kama taratibu zinavyotaka, mpaka mwenyewe hakujua tena nani ni nani.

"Daktari wangu akija," mzee alisema kwa kukwaruza, "analiuliza faili linaendeleaje. Faili likapata nafuu, mimi nikabaki naumwa. Nikamwambia, bwana mkubwa, niko huku kitandani, hapa penye dirisha lililozibwa kwa picha ya eksirei."

Profesa alicheka. Mama wa utumishi alicheka mpaka akashika fomu zake. Mwenyekiti alivua miwani.

"Dirisha hilo nililiziba mimi," alisema. "Jua lilikuwa likimpiga usoni."

Kicheko kikakatika. Binti akaisimamisha sauti. Majina aliyafuta, sauti ya mtu haifutiki.

"Mheshimiwa," profesa alijikohoza, "hayo ni masimulizi tu, mgonjwa naye hutia chumvi..."

"Hakutia. Binti, kuna mengine aliyosema?"

"Yapo."

"Kuhusu mimi?"

Angeweza kusema hapana. Kazi ilikuwa pale mezani, ni kunyoosha mkono tu. Lakini yaliyobaki aliyajua kwa moyo.

"Ndiyo, daktari."

"Aliruhusu darasani, si ndiyo? Basi hapa ni darasa. Weka."

Akaweka. Mzee akakohoa muda mrefu, kisha akasema: "Ijumaa nzima natema damu. Nilingoja aniangalie nimwambie. Muuguzi naye kazi zimemzidi. Jumatatu nikaona aibu kumsumbua mtu mwenye haraka."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye fomu yake, akaisukuma kwa mama wa utumishi, akatoka bila kuaga.

Wiki ya tatu simu ililia, binti akiwa anaanika nguo na mama yake. Alikuwa yule mama wa utumishi.

"Mwanangu, barua itakuja, ila nimeona nikwambie kwa mdomo. Umewashinda wote. Mwenyekiti alikupa alama zote, hata za usafi wa mavazi."

"Naanza lini?"

"Ngoja kwanza. Mwenyekiti mwenyewe aliacha kazi siku ileile. Sasa mkuu wa chuo ameifuta nafasi. Anasema madaktari wenyewe hawatoshi, hawezi kuajiri somo la kuwafukuza. Pole sana, mwanangu."

Alirudisha simu mfukoni, akaokota kibanio kilichoanguka.

"Wanasemaje?" mama aliuliza.

"Nimeshinda, mama. Kazi haipo."

Mama alibaki na shuka mbichi mikononi, asijue aanze na hongera au pole.