Kijiko cha Kwanza kwa Bi Norma

…na wangeweza tu kumwambia Ilenia kilichomo, basi, wala si lazima waape, wangesema ngoja tukaangalie, maneno mawili tu, lakini wapi, Bi Norma ameshaweka bakuli mezani na ameshageuka kuhudumia meza ya dirishani, mvuke wa supu unampanda Bice usoni, Bice mwenye miaka miwili kasoro mwezi, amefungwa bibu yenye picha ya bata, anapiga meza kwa viganja vyote viwili, na kijiko kiko mkononi mwa mama yake, Ilenia, na ndani ya kijiko mna tortelini moja, moja tu, unga mwembamba uliofumbata nyama ukakunjwa kama kitovu cha mtoto mchanga, na meza nzima inaitazama hiyo moja kana kwamba ni pete inayosubiri kuvishwa, "Haya mpe, itapoa," anasema mama mkwe wake, Deanna, ambaye leo anatimiza miaka sitini na sita na ndiye aliyechagua hapa, "mwaka wa arobaini huu nakula kwa Norma, sijawahi hata kuumwa tumbo," tumbo, anawaza Ilenia, nani kazungumzia tumbo, si tumbo, ni koo, lile koo dogo ambalo Julai iliyopita lilikuwa linatoa sauti kama ya mtu anayemalizia soda kwa mrija, na ilikuwa ni Deanna huyuhuyu, na koni ya aiskrimu ya pistachio, zile njugu za kijani, chini ya matao, "aonje kidogo, ulimi wa bibi hauui mtu," na kabla koni haijaanza kuyeyuka midomo ya mtoto ikawa minene, masikio mekundu, kisha ile sauti, na mumewe, Loris, akiendesha gari kwenye njia ya mabasi huku analia na kutukana, na daktari mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso akisema taratibu, kwa baba na mama kwa pamoja, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, ni mzio, pistachio hata chembe, hata vumbi lake, mnanielewa, akawapa sindano ya kutembea nayo, nayo ipo, ipo kwenye mkoba, mkoba uko mapajani, ameupapasa mara nne tangu wakae, na kwenye korido ya hospitali Deanna alimwambia shangazi kwa simu bila hata kupunguza sauti, "Ni joto tu, halafu yule binti anamlisha vitu vya makopo, unajua watu wa kusini…" watu wa kusini, haya, yeye ni wa Potenza, kamaliza shule ya sekondari huko akaja Bologna na miaka kumi na tisa kuuza viatu, na alipofika hapa hakujua kula, ndivyo alivyosema Loris, "wewe hujui kula, nitakufundisha," akamfundisha kweli, jioni zile za uchumba, wakipita chini ya matao mkono kwa mkono akimnong'oneza sheria za mji, palipo na picha za chakula mlangoni usiingie, menyu ikiwa kwa lugha nne pita, wakiweka tortelini kwenye krimu kimbia, angalia vichwa, ukiona mvi ndani ingia, na kubwa kuliko yote, Ile wangu, usiulize wameweka nini ndani, kila nyumba ina ujazo wake, mama humwambia binti akiwa kitandani anakata roho, ukiuliza ni kama umemuuliza mwanamke umri wake mbele ya hawara yake, mahali pazuri pa kula ni pale ambapo mtu hana haja ya kuuliza, akambusu sikio, na yeye akaona hayo ni mapenzi, mji mzima wa watu wanaoaminiana midomo, mjinga we, ulikuwa na njaa na ukaiita mapenzi… "Ile," Loris anasema sasa, goti lake linamgusa chini ya meza, si kumbembeleza, kumsukuma, "Ile, leo tu, tafadhali, ni siku yake," na kijiko kinainama kidogo, tone la supu linaangukia kitambaa cha karatasi, Bice anasema "mam, mam," anataka, ana haki ya kutaka, mtoto wa Bologna asiyejua tortelini ni mtoto gani, hilo nalo alisema Deanna, mara ngapi sijui, na ndiyo sababu ya miezi minane ya daftari la majina ya migahawa, miezi minane ya kutafuta mahali ambapo mwanawe anaweza kukaa kama watoto wengine na kupewa bakuli, akisoma usiku na mchana wanachoandika watu mitandaoni, nyota tano, nyota nne, supu kama ya marehemu bibi yangu, hakuna hata mmoja aliyeandika kama mtu alipumua vizuri baada ya kula, akapiga simu kumi na moja, na kila aliyepokea alianza kwa kucheka, yule wa mtaa wa sokoni, "Mama, tuna miaka mia hapa, hatujaua mtu," na yule wa kilimani, "Mlete tu mama, jirani yetu ni kanisa," akacheka hadi akakohoa, na yule kijana mpole aliyesema usiwe na wasiwasi, usiwe na wasiwasi, usiwe na wasiwasi, mara tatu, bila kumuuliza mtoto ana nini, na mmoja tu, mwanamke wa kantini nyuma ya stesheni, pale wanapokula madereva na wafagiaji, sauti ya sigara, hakucheka, alisema, "Siwezi kukuahidi, mama. Mashine ya kukatia nyama tunayo moja, na inakata kila kitu. Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya. Ukitaka nitamchemshia wali kwenye sufuria mpya," na Ilenia akasema asante, akakata simu, akalipiga jina lake mistari miwili kwenye daftari, mistari miwili! kwa sababu ni mahali gani hapo, meza za plastiki, wali mweupe, Deanna angesema nini, akamfuta yule pekee… "Bi Norma," anajisikia akiita, sauti imetoka ndogo na kali kama ya mtoto wa shule, na Norma anageuka, mnene, mzuri, sahani tatu kwenye mkono mmoja, "Sema mpenzi wangu," "Samahani, humu ndani… ujazo… kuna mortadela?" na pale pale anaona Deanna anafumba macho kama mtu aliyejambiwa kanisani, Loris anaweka uma chini, na Norma anacheka, "Sasa mwanangu unataka niweke nini, samaki? Mortadela ipo, bila mortadela hiyo si tortelini, ni begi tupu!" na mzee wa meza ya pili anadakia, "Norma, huyo katumwa na wakaguzi, ficha paka!" na watu wanacheka, hata Bice anacheka kwa kuwa wengine wanacheka, na Ilenia anaona joto linampanda shingoni lakini mdomo unaendelea wenyewe, "Ile soseji… yenye pistachio au isiyo na pistachio?" na Norma anaacha kucheka, si kwa hasira, kwa masikitiko, kama mtu aliyeulizwa iwapo huoga, "Pistachio ni mambo ya watu wa Roma, binti. Hapa kwetu mortadela ni ya waridi, safi, kama shavu la malaika. Muulize mama mkwe wako," "Nimeshamwambia," anasema Deanna, "nimemwambia tangu nyumbani, Norma, utamsamehe, ni mwoga, mtoto wa kwanza huyu," wa kwanza, kana kwamba huyu ni wa kufanyia mazoezi, na Ilenia anaanza kulegea, ni kweli, anajiambia, hawaweki, wa hapa hawaweki, hilo analijua hata yeye, miaka minne bucha zote za mtaani kwake soseji ile ni ya waridi tupu, umeuliza umejibiwa, sasa mpe mtoto, anashusha pumzi, kijiko kinasogea kidogo kuelekea kile kinywa kilichokwisha kufunguka… na ndipo Tosca anatoka jikoni, Tosca msukuma unga, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, ameyasikia yote kupitia dirisha la kupitishia sahani, amekuja na heshima yake mbele kama fimbo, "Nani anauliza mortadela yangu? Nani? Ngoja niwaambie nilivyoteseka wiki hii! Yule wetu wa bucha kafiwa na mama yake, kafunga duka, ikabidi tuchukue kwa yule wa darajani, na yule asiye na haya anauza ile ya Roma, yenye pistachio, tena nyingi, kama ukurutu! Nikasema hiyo haiingii kwenye unga wangu hivihivi. Nimekaa na kisu kidogo, saa nzima, macho haya mabovu, nimezidonoa moja moja, zote zile za kijani. Katafuteni, mkiona moja nivue aproni!" na mzee wa meza ya pili anapiga makofi, "Mikono hiyo ipigwe busu!" na Norma anampigapiga Tosca mgongoni, na Deanna, macho yamelowa kwa fahari kana kwamba ni yeye aliyedonoa, anamgeukia Ilenia, "Umesikia? Zimetolewa. Haya," na Ilenia hamtazami Deanna, hamtazami Tosca ambaye si mtu mbaya, mwanamke aliyekaa saa nzima na kisu kwa ajili ya heshima ya supu, aliyezitoa kwa sababu ni aibu na hajui kwamba ni sumu, asingejua, ataijuaje, katika mji ambao kinachotisha ni rangi kuonekana kwenye ujazo… anamtazama Loris, yeye, kwa sababu Loris alikuwepo hospitalini, alikaa kiti cha kushoto, alishika kofia kwa mikono miwili, daktari alimtazama yeye pia aliposema hata vumbi lake, na Loris amesikia kila neno la Tosca, limeingia, ameliona likiingia, rangi imemtoka kidogo kwenye midomo, anajua, anajua kama yeye anavyojua, na Loris anamtazama mama yake, anaitazama keki iliyo juu ya kabati na mishumaa yake bado imelala pembeni, kisha anasema, polepole, bila kumtazama yeye wala mtoto, "Umeona, Ile. Zimetolewa," na kitu kinakaa kimya ndani ya Ilenia, kinakaa kimya kama friji inapozima na ndipo mtu anagundua kwamba ilikuwa inanguruma siku zote, kumbe alikuwa anamwogopea mtoto na wakati huohuo anaogopa kuitwa mwoga, anaogopa makoo mawili, la mtoto lisizibe na la mama mkwe lisipige kelele, na mwenzie alikuwa na hofu moja tu, na haikuwa ile ya Bice… miezi minane anatafuta katika mji huu mahali pazuri pa kula, mtu mwenye aproni atakayemwambia lete, nitambeba mimi, wewe pumzika, na mahali hapo hapapo, hapakuwahi kuwepo, si kwa Norma, si kwa nyota tano, na yule mwanamke wa sigara alimwambia hilo bure kabisa kwa simu na yeye akaona amenyimwa, kumbe ndiye pekee aliyempa kitu, na hata mezani kwao wenyewe, nyumbani, sahani zao wenyewe, je, pale ni pazuri, pale ambapo baba wa mtoto anaweza kusikia akanyamaza, leo ni siku ya kuzaliwa, kesho ni Pasaka, keshokutwa ni harusi ya binamu, daima kutakuwa na siku ya mtu, "Ilenia," anasema Deanna, sasa si binti tena, jina kamili, "unatuaibisha," na kweli, anawaza, ndiyo, nitawaaibisha, na si leo tu, nitawaaibisha kwenye kila meza ya mji huu hadi huyu ajue kusema mwenyewe, nitauliza mortadela, nitauliza kisu, nitauliza ubao, nitaingia majikoni kwao na viatu vyangu vya kusini, wataniona nakuja watafunga milango, na wewe Loris utakaa upande gani utajua mwenyewe… supu imeanza kuweka utando, Tosca bado amesimama akisubiri sifa, Norma na sahani zake, meza nzima bado inangoja, na kijiko bado kiko hewani palepale kilipokuwa, nusu njia, ile moja bado imo, ila mkono umetulia, na mbele yake Bice amefungua kinywa tena, wazi kabisa, hadi yale magego mapya yanaonekana, hauulizi mji, haliulizi jiko, hamtazami bibi wala baba, anautazama mkono wa mama yake tu, na anangoja.