Unamweleza Nani?

Dodoso lilitoka Korea, likapitia Kiingereza, likafika mtaa wa Hillbrow, Johannesburg, likiwa limevaa Kiswahili cha kuazima. Kule Korea lilitungwa kwa ajili ya watu waliopona saratani. Sasa chuo kimoja cha jiji hilo kilitaka kujua kama linawafaa na wahamiaji. Thérèse, fundi cherehani kutoka Bukavu, aliyekatwa titi mwaka 2016, alikubali kuulizwa.

"Unapanda mlima mara ngapi kwa wiki?" alisoma Fahad, kijana wa Tanga aliyeajiriwa kuuliza, bila kupepesa macho.

"Lifti yetu ilikufa, na mimi niko ghorofa ya juu kabisa. Andika kila siku."

Akaandika. Kisha: "Ukiwa na hofu ya ugonjwa kurudi, unamweleza nani?"

Bahati mbaya, Mama Pasta alikuwa palepale akingoja gauni lake. Kanisa zima lilimpigia Thérèse vigelegele siku alipotoa ushuhuda kwamba amepona kabisa, na mwenye ushuhuda haogopi.

"Sina hofu," alisema. "Mungu amemaliza kazi."

Mama Pasta akaitikia amina. Thérèse akatabasamu huku akijichukia.

Wiki mbili baadaye Fahad akarudi na maswali yaleyale.

"Kwani nilikudanganya?" Thérèse aliuliza. Kwao, anayeulizwa mara mbili ni mshukiwa.

"Hapana, mama. Ndivyo wanavyolipima swali. Swali zuri hujibiwa vilevile kila mara."

Walipofika kwenye lile la hofu, Thérèse alisimamisha cherehani. Siku hiyo walikuwa wawili tu.

"Simwelezi mtu. Niko na woga, mwanangu. Nikioga najipapasa, kisha nalia, nafungulia maji watoto wasisikie. Kanisani nitasema nini? Nirudishe ushuhuda?"

Fahad alitafuta pa kutia alama, akakosa. Akaweka kalamu chini, akasikiliza mpaka chai ikapoa. Thérèse alipata nafuu ambayo vigelegele havikuwahi kumpa.

Miezi ikapita, Fahad akaja na dodoso lililokwisha kupitishwa na wataalamu. Thérèse alijibu harakaharaka, maana kulikuwa na swali moja alilolingojea. Fahad akafunga karatasi.

"Na lile la hofu?"

"Limeondolewa, mama. Akina mama wengi walijibu hivi mara ya kwanza, na vingine mara ya pili. Wataalamu wamesema haliaminiki."

Thérèse akamsogezea kiti.

"Basi kaa," alisema. "Leo nitajibu bila kuulizwa."