Mkono wa Miodrag

Kijijini kwetu harusi isiyo na mwendo wa polepole kwenye video yake haihesabiki. Bibi harusi akishuka ngazi, punguza kasi. Bwana harusi akililenga kwa bunduki tufaha la desturi lililotundikwa juu, punguza. Miaka ishirini nimewapunguzia watu kasi kwa kamera yangu, na wengi wao hata kwa kasi ya kawaida walikuwa wanachosha.

Radojka alikuja dukani kwangu siku ya thelathini na nane tangu mwanawe, Miodrag, afukiwe na kifusi kwenye mgodi wa shaba. Alivaa nguo nyeusi zilezile za msiba wa mumewe, hakuwa amezivua bado.

"Yumo kwenye harusi ya binti wa kinyozi," akasema. "Sekunde nne. Nirefushie."

"Shangazi, nne nitazifanya ishirini. Zaidi ya hapo atakuwa sanamu ya kanisani."

"Ishirini zinatosha. Nakuja kesho."

Nilipopunguza, nikaona. Miodrag anapita kwenye duara la ngoma, anacheka, anamnyooshea mama yake mkono amwingize. Kwetu mwenye msiba hachezi mwaka mzima, na Radojka aliupiga ule mkono kwa kitambaa. Kwa kasi ya kawaida ni utani. Polepole, kicheko kinatoweka machoni mwa kijana kabla hakijatoweka mdomoni. Niliogopa, nikakata kipande hicho.

Kesho yake alitazama hadi mwisho, akanigeukia.

"Umekata."

"Picha inaishia hapo, shangazi."

"Velimir, nimekufuta kamasi mimi. Usinifanye mjinga. Alininyooshea mkono, nami sijalala tangu azikwe. Nataka kujua kama alikasirika."

Niliona aibu. Nikakirudisha kipande. Mkono ukaja taratibu, kitambaa kikashuka, uso wa Miodrag ukanywea kidogo kidogo. Radojka hakulia. Alitazama kama mtu anayesomewa hukumu aliyokwisha kuijua.

"Hakukasirika," akasema. "Aliumia."

Nikataka kuizima mashine.

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii aliinuka, akaunyoosha mkono wake hadi kwenye kioo cha skrini. Lakini duara lilikuwa limeshampitisha mwanawe, na vidole vyake vikaugusa mgongo wa mtu mwingine.

"Punguza tena, mwanangu."

Nilipunguza hadi mashine ikagoma, na bado alichelewa.