Jumatatu ya Msusi

Mimi ni msusi, na mdomo ninao. Lakini Bosi, mwenye saluni, aliponiambia, "Shoga, ukikosa tena Jumatatu, kiti chako nampa mwingine," nilinywea. Kila Jumamosi nilisuka kama nimepagawa, kisha siku zilizofuata nikalala mwili mzima ukiuma, kuanzia shingo hadi nyayo. Hata shuka likinigusa, mama yangu wee!

Vipimo vyote vilitoka safi. Dada yangu akasema, "Huumwi wewe, unadeka tu." Maneno yale yaliniuma kuliko ugonjwa.

Daktari mmoja ndiye aliyenisikiliza. Alinibonyeza mabega, mgongo na mapaja, akaniuliza habari za usingizi.

"Hii ni fibromialgia," akasema. "Maumivu yako ni ya kweli. Mishipa ya fahamu inakuza hata mguso mdogo, kama redio iliyokwama kwenye sauti ya juu. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuumaliza, ila utaishi nao vizuri. Tatizo lako, ukijisikia nafuu unafanya yote kwa mkupuo. Pumzika kabla hujachoka."

Nililia pale pale, kwa furaha. Kumbe sina wazimu!

Jumamosi akaja bibi harusi na wapambe wake. Siku hiyo nilijisikia vizuri ajabu, vidole vyepesi, na hapo ndipo penye mtego. Nikasuka mistari michache, nikaweka kitana chini, nikajinyoosha kwenye mkeka.

Mama wa bibi harusi akaja juu. "Makubwa haya! Msusi analala?"

"Napumzika, mama. Mwanao atatoka hapa amependeza."

Bosi akanikata jicho. Nikasuka, nikapumzika, nikasuka tena. Mpambe wa mwisho nikamwachia mwenzangu, ingawa roho haikutaka. Bibi harusi alipojiona kwenye kioo, alijipigia vigelegele mwenyewe.

Jumatatu niliamka naumwa, ndiyo, lakini maumivu ya kubebeka. Nikaoga maji ya moto, nikatembea mdogo mdogo, nikafungua saluni mimi. Baadaye Bosi akaingia na msichana mgeni aliyeshika vitana vyake. Akanikodolea macho.

"Umekuja?"

"Nimekuja, tena mapema kuliko wewe." Nikavuta kiti changu, nikakaa, nikamgeukia yule msichana. "Karibu sana, mdogo wangu. Tafuta kiti kingine. Hiki kina mwenyewe."