Simama Hapo

Alhamisi hiyo, saa tatu kasorobo asubuhi, Kiilu alijiandaa kutoka dukani kwa Gurdeep, katikati ya jiji, akiwa na katoni mbili kifuani na soksi ya kushoto imelowa. Katoni moja ilikuwa na redio ya mashua. Ya pili ilikuwa na skrini ya ramani pamoja na kipima kina, kile kidude kinachofungwa nyuma ya mashua, kikatuma mlio majini na kusema sakafu iko umbali gani. Soksi ilikuwa imelowa kwa sababu ilikuwa inalowa kila siku, tangu Aprili ya mwaka ule wa mafuriko. Alishaenda zahanati ya Uthiru kuulizia. Daktari aliupima mguu, akasema mguu hauna neno, avae ndara.

"Wewe unatembea na mto wako binafsi," Gurdeep alimtania kutoka nyuma ya kaunta. "Usinilowanishie katoni. Na antena kwanza, Kiilu. Ukiongea kabla hujafunga antena utachoma redio, na hiyo ndiyo ya mwisho niko nayo."

"Najua, mzee. Mteja ni nani?"

"Kihara, wa Kilimani. Amenunua boti ya kutembeza wageni Naivasha wikendi."

Kiilu aliziweka katoni chini. "Si utume mtu mwingine?"

"Mwingine nani? Mtu wa redio ni wewe."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Kabla ya kuja kwa Gurdeep, Kiilu alikaa miaka saba mbele ya redio ya kampuni ya ulinzi ya Kihara huyo huyo, katika chumba walichokiita kontrol. Mabawabu wa Kihara walikuwa wametapakaa Kilimani nzima, kila mmoja na redio ya mkononi na karatasi ya maneno aliyoikariri siku ya kuajiriwa. Karatasi hiyo iliandikwa na mkufunzi mmoja, mwanajeshi mstaafu, aliyetaka Kiingereza kitoke hewani kwa kuwa kilikuwa kikiwachanganya watu. Ukishasikia, sema "nimekupata". Ukimaliza, sema "kwako". Na pale ambapo mtu wa kontrol anataka kumwambia mwenzake atulie kidogo akaulize, mkufunzi aliandika "simama hapo". Watu wa kontrol waliyachukua maneno hayo kama nafasi ya kupiga simu. Mabawabu waliyachukua kama amri, maana bawabu akiambiwa asimame, husimama. Hakuna aliyeigundua tofauti mpaka Aprili ile.

Jumba la Kihara, la ghorofa kumi na mbili, limekaa juu ya kijito. Si maneno ya vijiweni hayo. Kijito kimo katika ramani za zamani, na bluu yake. Katika ramani mpya hakimo. Na kati ya ramani hizo mbili kuna mtu aliyeshika kalamu na mwingine aliyemshika mkono. Kijito hakikupewa nakala. Saa tisa alasiri ya siku ile kilirudi njia yake ya siku zote, kikaingia maegesho ya chini ya ardhi, ambako bawabu mmoja aitwaye Muigai alikuwa akilinda geti la chuma.

Muigai aliita kontrol. Alisema maji yamefika magotini, anaomba kufunga geti atoke.

"Nimekupata," Kiilu akasema. "Simama hapo."

Kisha akampigia Kihara. Kihara alikuwa mkutanoni, akasema atapiga baadaye. Kiilu akamimina chai kutoka kwenye chupa. Ilikuwa moto, akainywa polepole, na ilipoisha akamimina kikombe cha pili. Kihara alipopiga, saa kumi ilikuwa imepita na dakika ishirini.

Maji yalipotolewa kwa pampu kesho yake, walimkuta Muigai amesimama. Hakulala wala hakuelea kama wafanyavyo wafu wa maji. Alisimama wima kando ya geti, visigino pamoja, redio mdomoni, na waliokuja kumchukua walilazimika kumkunja magoti ili aingie garini. Kihara alimtazama, akamgeukia Kiilu.

"Andika aliacha lindo. Mtu akifia lindoni, maneno huwa mengi."

Kiilu akafungua kitabu cha matukio na kuandika, kwa mwandiko wake mzuri uliosifiwa tangu shule ya msingi: Saa tisa na dakika arobaini, Muigai aliacha lindo. Soksi ililowa kwa mara ya kwanza jioni hiyo.

Mjane wa Muigai anaitwa Waringa, na ni jirani yake Kiilu huko Uthiru. Wanakaa ploti moja, milango inatazamana, kamba ya nguo ni ya wote. Barua ya kampuni, yenye maneno yale matatu, ameifungia ndani ya Biblia. Mwanawe Kibe shuleni huitwa mtoto wa mtoro. Waringa hataki kitu kingine duniani ila mstari ule ufutwe, na kila baada ya wiki mbili tatu humuuliza Kiilu swali lile lile.

"Baba Mutheu, si wewe ndio ulikuwa kontrol? Alisema nini mwisho?"

"Mikwaruzo, Mama Kibe," Kiilu hujibu. "Redio ilikuwa imejaa mikwaruzo."

Alhamisi hiyo Kiilu aliikuta mashua chini, kwenye maegesho yale yale, juu ya trela, hatua kumi kutoka geti la chuma. Ilikuwa nyeupe, ya mita tano na nusu, na ubavuni iliandikwa Debra, jina la binti wa Kihara. Iliwekwa huko ili jua lisichubue rangi. Kiilu alivua viatu ndipo akapanda. Alitoboa dashibodi kwa msumeno wa duara, akapitisha waya mpaka kwenye betri, akaweka fyuzi, akafunga kipima kina nyuma na kuziba matundu kwa silikoni. Antena aliifunga mwisho, kabla ya kuiwasha redio, kwa skrubu nne, akaijaribu kwa kiganja, ikashika. Kila alipokanyaga, mguu wa kushoto uliacha alama ya maji kwenye sakafu ya mashua, naye alikuwa akiifuta kwa kitambaa.

Saa tano Kihara alishuka na kikombe cha chai mkononi.

"Kiilu! Kumbe ni wewe. Niaje, mtu wa kontrol?"

"Poa, bosi."

"Washa tuone."

Kiilu alimweleza kwamba chini ya zege skrini haiwezi kuona satelaiti, itabidi trela isukumwe nje. Akaiwasha hata hivyo. Skrini ikapata satelaiti kumi na moja. Haikuchora barabara wala majumba ya Kilimani; ilichora bluu tupu kutoka pembe hadi pembe, na Debra katikati. Kipima kina kiliandika mita mbili na nusu. Chini ya trela sakafu ilikuwa kavu, na paka wa jumba alikuwa amejilaza hapo akijiramba.

Kihara aliinama kusoma. "Mbili na nusu. Si ndiyo ile alama ya mafuriko ilibaki kwa ukuta?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi inapima vizuri. Redio je?"

Kiilu akaiwasha redio. Mikwaruzo ilisikika kwa muda mfupi, halafu sauti ya mtu, tulivu, kama mtu aliyesema jambo hilo mara nyingi.

"Kontrol, kontrol, kontrol. Huyu ni Muigai, geti ya chini. Maji imefika kwa kidevu. Naomba amri. Kwako."

Kihara alikunywa chai funda moja. "Huyo ni nani?"

"Muigai, bosi."

"Yule wa mafuriko? Bado yuko?"

"Aliambiwa asimame."

"Lo," Kihara akasema. "Hata wale niko nao saa hii hawasimami hivyo." Simu yake ikatetemeka, ikakatika, maana kule chini mtandao haushiki, akapanda ngazi kuutafuta.

Kiilu alibaki na paka. Sauti ikaita tena, kwa maneno yale yale. Alikichukua kipaza sauti, akakibonyeza.

"Muigai, hapa ni kontrol. Kwako."

"Ah, Baba Mutheu! Umekawia, ndugu yangu. Hiyo chai ilikuwa ya sherehe? Kwako."

"Chai gani?"

"Ulikuwa umekalia kipaza sauti, kitufe kikabonyea. Nilisikia ukimimina. Vikombe viwili. Cha kwanza ulipuliza, cha pili hukupuliza. Na wewe ukiwa umekibonyeza hivyo, mimi nikiita siwezi kusikika. Kwako."

Hakukuwa na mikwaruzo basi. Kiilu alikuwa akilijua jambo hilo kwa makalio yake tangu siku ile, maana alikikuta kipaza sauti kitini, pale alipokuwa amekaa, aliposimama kwenda kuosha kikombe. Hakuwahi kumwambia mtu, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujiambia kwa maneno. Maji yalipanda kutoka soksini hadi gotini. Aliyahisi yakipanda, ya baridi, na kuyaacha.

"Muigai," akasema. "Toka. Narudia, toka. Ni amri. Kwako."

"Nimekupata. Lakini siwezi. Kitabu kinasema nilishatoka saa tisa na arobaini. Mtu hawezi kutoka lindoni mara mbili. Rekebisha kitabu kwanza, nitoke hiyo mara moja. Na Mama Kibe aonyeshwe huo mstari. Kwako."

Kihara akarudi, kikombe kitupu kikining'inia kidoleni. Kiilu alishuka kutoka kwenye mashua bila viatu, ili aongee akiwa amesimama chini.

"Bosi, kile kitabu cha matukio cha mwaka ule kiko wapi?"

"Kwa kabati, ofisini. Unakitakia nini?"

"Kuna mstari niliandika. Nataka kuurekebisha."

Kihara hakukasirika. Angekasirika, pengine mambo yangekuwa mepesi. Mtu mwenye hasira unaweza kumjibu. Alichomoa kalamu mfukoni na kumnyoshea.

"Rekebisha. Nani amekukataza? Andika hakuacha lindo. Watauliza, mbona basi hakutoka? Utaandika aliambiwa asimame. Watauliza, na nani? Sauti ni yako, Kiilu. Mwandiko ni wako. Mimi nilikuwa mkutanoni." Akatikisa kalamu kidogo. "Shika."

Kalamu ilikaa kati yao. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ya bluu, yenye kifuniko kilichotafunwa. Kiilu aliitazama, akafikiria mlango wa Waringa unaotazamana na wake, na jinsi utakavyofunguliwa siku ile atakayoonyeshwa mstari huo, na uso utakaokuwa mlangoni. Kabati lilikuwa ghorofa moja tu juu. Hakuunyosha mkono wake.

"Sawa basi," Kihara akasema, akairudisha kalamu mfukoni. "Sasa huyu. Ataongea hata tukiwa Naivasha?"

"Redio ikiwa wazi."

"Niko na wageni. Si iko na kitufe?"

Kila redio ya mashua ina kitufe cha kuzuia mikwaruzo. Ukikizungusha kidogo, mikwaruzo hunyamaza. Ukikizungusha sana, hunyamaza pia kila anayeita kwa sauti hafifu. Fundi mwaminifu humwonya mteja, na kwa kazi ya mikono Kiilu alikuwa fundi mwaminifu.

"Nikiifunga sana, bosi, mtu akizama mbali hutamsikia."

"Si neno."

Kiilu akapanda tena. Alikibonyeza kipaza sauti.

"Muigai."

"Niko, kontrol. Kwako."

Kihara alikuwa amemkazia macho. Paka naye.

"Simama hapo," Kiilu akasema.

"Nimekupata," Muigai akajibu, bila lawama, kama alivyojibu mara ya kwanza.

Kiilu akazungusha kitufe mpaka kikagota. Redio ikawa kimya kabisa. Kihara akasema kazi ni safi, na kwamba siku nyingine atamwita yeye mwenyewe, si mtu mwingine. Kwenye skrini, kipima kina kiliendelea kuandika mita mbili na nusu.

Alifika Uthiru saa kumi. Jua lilikuwa kali, na Waringa alikuwa uani akianika nguo, vibanio vitatu mdomoni. Alivitoa alipomwona.

"Woi, Baba Mutheu! Umeanguka mto gani? Mpaka kwa mshipi!"

"Kumenyesha tao, huko mjini."

"Na huku tunachomeka hivi. Toa hiyo suruali. Unataka upate homa ndio ukose kazi? Vaa shuka, uniletee." Alisogeza sweta ya shule ya Kibe ili apate nafasi kwenye kamba. "Leo ulikuwa kazi wapi?"

"Kilimani."

Mikono yake ilisimama. "Kilimani pale?"

"Pale."

"Baba Mutheu, wewe hukumbuki hata neno moja? Neno moja tu. Hata kama ni matusi."

Kiilu alikuwa amesimama mlangoni kwake, amejifunga shuka, visigino pamoja.

"Mikwaruzo, Mama Kibe," akasema. "Mikwaruzo mitupu."

Waringa aliguna, akaichukua suruali na kuikamua kwa mikono yake miwili. Maji yalijaza beseni. Akavuta beseni la pili, nalo likajaa, na suruali ikawa bado inachuruzika. Yalikuwa maji ya udongo, yenye harufu ya dizeli na saruji. Aliyanusa, akayaangalia kidogo, kisha akaenda kuyamwagia sukuma wiki zake nyuma ya choo, maana mfereji wa ploti ulikuwa haujatoa tone tangu Jumatatu.